Firigisi ya Mwenye Boma

Nilikuwa msichana mbichi shangazi yangu, dada ya baba, alipofunga safari kutoka Bungoma hadi Kitale kuja kunivunjia uchumba. Kijana niliyempenda, fundi wa baiskeli kule Saboti, alikuwa ameulizwa na wazee mambo ya koo, akataja ukoo wa nyanya yake mzaa baba. Kumbe ndio ukoo wetu!

"Huyo ni ndugu yako," shangazi akasema. "Mtazaa watoto wagonjwa."

Ndugu! Mtu niliyekuwa nikimegeana naye mahindi ya kuchoma nyuma ya ghala! Nililia mpaka macho yakavimba, halafu nikatii. Naye akatii. Tulilelewa vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu.

Niliolewa karibu na Kibabii na mtu mwema, na marehemu simsemi vibaya. Lakini siku moja sokoni Ndalu, mtoto mgongoni, nikamkuta yule fundi akichagua kabichi. Tukaulizana habari za mvua. Mvua, jamani! Moyo unanidunda, mdomo unasema mvua! Akaniambia ameoa. Nikampa hongera, nikaenda zangu na kuacha kabichi niliyokwisha kuilipia.

Alipofiwa na mkewe, mimi bado nilikuwa wa mtu. Nilipofiwa mimi, alikuja matangani, akanishika mkono, akatazama watu wanaotutazama, akaondoka. Macho ya watu yamekula ujana wangu wote na bado hayajashiba.

Baadaye nikarudi Kitale, kwenye shamba dogo nililonunua kwa kuuza maziwa. Mwaka huu akanipigia simu.

"Mimi nimechoka kuulizia mvua," akasema. "Si unioe, bana?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia aje Jumapili.

Habari hazina miguu lakini hufika. Jumapili hiyo wakaja pia kaka yangu na shangazi, sasa anatembelea fimbo, lakini ulimi ni ule ule.

"Ukoo haubadiliki," akaanza, hata chai hajaonja.

"Shangazi, mimi nimekoma kuzaa. Hao watoto wagonjwa watatoka wapi, kwa gunia?"

"Ati nini? Huna aibu!" kaka akafoka.

"Nilikuwa nayo. Mliimaliza ninyi."

Mgeni wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna goti, vile vile alivyolikuna zamani mbele ya wazee. Hapo ndipo nikaogopa. Maneno ya shangazi ningeyaweza. Mtu akiinuka tena akaenda zake kwa adabu, nitamshikia wapi?

Nikaleta ugali na kuku. Kwetu firigisi haigombaniwi, ni ya mwenye boma. Tangu baba afariki, kaka huila kila nyumba ya ukoo anayoingia, na tayari alikuwa amenyoosha mkono. Nikaiwahi, nikaiweka kwenye sahani ya fundi wangu, mbele yao wote.

"Kula, mwenye boma."

Shangazi akaziba mdomo kwa leso. Kaka akabaki na mkono hewani. Yule mzee wangu akamtazama kaka, akamtazama shangazi.

Akaitia mdomoni. Akatafuna polepole, maana meno si yale ya Saboti, akatafuna mpaka akaimeza. Kisha akamsogezea kaka bakuli la mchuzi na kumwambia, "Karibu, shemeji."