Mkono Usiovimba

Wiki hii nilikuwa kwenye kliniki moja ya Kaloleni nikisubiri zamu yangu, na pazia la chumba cha daktari lilikuwa wazi nusu. Ndani alikaa bibi mmoja, mkulima wa kahawa kutoka miteremko ya Meru, binti yake amesimama nyuma.

“Weka mikono yote mezani, bibi,” daktari akasema.

Wa kulia aliuweka mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba na kupinda kwa baridi yabisi, ugonjwa wa viungo. Wa kushoto ulikuwa umepooza kwa kiharusi kabla baridi yabisi haijamwanza, hivyo binti aliuinua akaulaza kando ya mwenzake. Huo ulikuwa laini, vidole vimenyooka kama vya msichana.

“Ugonjwa umeuruka huu,” binti akanong’ona. “Majirani wanaogopa kuushika.”

“Ni kwa sababu mkono huu haufanyi kazi,” daktari akajibu. “Chembe za kinga ya mwili zinahisi kiungo kinapovutwa na kukandamizwa. Kwa asiye na ugonjwa huu zinatulia. Kwa mama zinachokozeka, zinakishambulia.”

“Basi niupumzishe na huu mwingine, nisiutumie?” bibi akauliza.

“Hapana, utakakamaa. Meza dawa, uutumie taratibu.”

Bibi akaupapasa ule mzuri. Haukutikisika.

“Nikiugusa usingizini,” akasema, “nadhani nimelala na mtu mwingine.”

Alipotoka nilimwamkia, akanipa mkono uliopinda. Ulikuwa wa moto, nao ukaubana wangu. Wengi tunaomba mwili usiouma, kama ule mkono wake wa kushoto. Mimi sasa ombi hilo nalitamka kwa uangalifu.