Jalada Nililolichonga kwa Jina la Rafiki Yangu

Admin, ficha jina langu na la shule. Umri wangu uuache, ili wasomaji wajue wanasema na mtu gani: nakaribia sabini, ni mwalimu mstaafu, kwetu Koboko. Jambo hili lilitokea miaka ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi, nikiwa mwanafunzi wa sekondari Arua. Nimelibeba peke yangu hadi wiki hii, na wiki hii limenifuata mpaka mlangoni.

Tulikuwa na chama cha uandishi, na kila mwaka tulitoa jarida moja. Mhariri alikuwa rafiki yangu, nitamwita Ezati, kijana wa Lobule. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga picha za jalada. Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Kurasa za ndani tulizipiga taipu kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufia. Picha ya jalada tuliichonga kwa kisu kwenye kipande cha linoliamu, ule mpira mgumu wa kutandika sakafuni, tukakipaka wino, tukakigandamiza juu ya karatasi. Kilichochongwa kulia hutokea kushoto. Kwa hiyo Ezati hakuanza kuchonga hata siku moja kabla ya kuigeuza picha kwa karatasi nyepesi.

Mwaka ule mgeni wetu wa siku ya wazazi angekuwa ofisa mkubwa wa jeshi, mzaliwa wa upande wetu. Mwalimu mkuu akataka sura yake iwe kwenye jalada. Wiki hiyohiyo Ezati akaitwa nyumbani, bibi yake amefariki. "Chonga wewe," akaniambia. "Mkono wako sasa umekubali. Usisahau kugeuza tu."

Herufi za jina la jarida nilizigeuza, kwa sababu herufi ikikosewa kila mtu anaona. Picha nikainakili moja kwa moja kutoka gazetini: ofisa amepiga saluti, medali zimejipanga kifuani. Ilipotoka nikaiona nzuri mno. Nikachapa majalada yote peke yangu, nikayaanika darasani yakauke. Wengi walidhani Ezati aliacha kibao cha linoliamu tayari kabla ya kusafiri.

Mlinzi wa shule, Mzee Taban, alikuwa askari wa zamani wa Waingereza, aliyepigana Burma. Aliingia, akachukua jalada moja, akacheka. "Ha! Huyu mukubwa napiga saluti na mukono ya choo?" Kisha kicheko kikakatika. Akanigonga kifuani, upande wa moyo. "Mutu iko hai, medali yake inakaa hapa." Akahamisha kidole upande wa kulia. "Hapa, ni mutoto anavaa medali ya baba yake mwenye alikufa. Sisi askari tunajua. Huyu mukubwa pia anajua. Mutoto yangu, choma yote."

Sikuchoma. Zilibaki siku mbili, karatasi za jalada zimekwisha, na mwalimu mkuu alikuwa ameshalisifu jalada mbele ya shule nzima. Ningeweza kumweleza na kula viboko vyangu. Badala yake nilikwenda kwenye stensili ya ukurasa wa kwanza, palipoandikwa "Jalada limechongwa na", nikaziba jina langu kwa dawa ya kusahihishia, ikakauka, na juu yake nikapiga jina la Ezati. Hakuna aliyenishawishi. Nilifikiri vizuri, nikafanya.

Ezati alirudi asubuhi ya sherehe, vumbi la baiskeli limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikampa nakala. "Nimeweka jina lako," nikasema, "wewe ndiye mwalimu wangu." Akatabasamu. Akalitazama jalada. "Lakini wewe, mbona hukugeu..."

Magari ya jeshi yakaingia uwanjani.

Ofisa alilipokea jarida kwa mikono miwili. Akalitazama muda mrefu. Akazigusa medali zake, moja moja, kama anayehakikisha bado zipo. Akacheka, na sisi tukacheka. "Nani nahamisha medali yangu? Mimi nakufa lini?" Akafunua ukurasa. "Ezati ni nani?"

Ezati alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira; alinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Mimi niliangalia viatu vyangu. Akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, afande."

"Kijana muzuri. Kuja, tunaenda Koboko. Utachora mimi tena, pole pole."

Wakampakia kwenye gari la nyuma. Hakurudi. Mama yake alizunguka kambi baada ya kambi, mpaka akafa hajaonyeshwa hata shati la mwanawe. Na Mzee Taban, tangu siku ile hadi nilipomaliza shule, kila nilipopita getini alinipigia saluti kwa mkono wa kushoto.

Sasa wiki hii. Mjukuu wa dada yake Ezati anasomea uandishi wa habari chuoni, hapa Arua. Kazi yake ya mwisho ni kutengeneza jarida, na ameamua jalada la mbele liwe lilelile. Bibi yake amelihifadhi sandukuni miaka yote, akiamini ni kazi ya mwisho ya mikono ya kaka yake. Binti alikuja kwangu na vibao vya zamani vya Ezati, akavipanga mezani. "Babu, hivi vyote aligeuza sawasawa," akasema. "Hili jalada la mwisho tu ndilo hakugeuza. Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Nikamwambia nimechoka, arudi Alhamisi.

Yule bibi ananiita kaka. Siku ya ndoa yake mimi ndiye niliyesimama mahali pa Ezati. Moyo wake sasa ni mgonjwa, na sijui kama utahimili ukweli huu. Lakini nikinyamaza, kosa langu litachapwa mara ya pili kwa jina la marehemu.

Kesho ni Alhamisi. Kwenye ukurasa wa kwanza binti ameacha mstari mmoja mtupu, niujaze kwa mkono wangu kama shahidi: "Jalada limechongwa na". Nishaurini, ndugu zangu. Niandike jina gani?