Nyigu wa Udongo Chumbani kwa Wifi

Enzi zetu hakuna mdudu aliyeingia nyumbani kwetu, mtaa wa Mkomani, bila kuulizwa amekuja na nini. Kipepeo akizunguka sebuleni, mama aliongeza mchele chunguni, maana mgeni yuko ndiani, anakuja. Buibui hatukumgusa, kwa kuwa ndiye aliyeziba mlango wa pango Mtume alipojificha. Mjusi kafiri tulimfukuza kwa fagio; chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tuliambiwa ndiye aliyeupuliza moto aliotupwa Nabii. Na aliyemshika vunjajungu hakupewa chombo cha udongo siku nzima asije akakivunja. Hata uji alinyweshwa kama mtoto mchanga, sisi tukimcheka. Wajukuu zangu wakiona mdudu leo hupiga ukelele mtaa mzima usikie, kisha hata jina lake hawalijui. Sisi tuliyajua haya kabla ya kujua kusoma.

Aliyekuwa na habari kubwa kuliko wote ni nyigu wa udongo. Akijenga katika chumba cha mke wa mtu, basi mke huyo ana mimba, na kiota hakibomolewi mpaka mtoto azaliwe.

Kaka yangu Shee alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Alikwenda bara kununua mahindi, akashikwa na homa, akafa na kuzikwa huko huko. Habari ililetwa na mwenzake. Mama aliisikiliza akiwa ameketi, akasema, "Alhamdulillahi," akainuka kumtandikia wifi yangu kitanda cha eda. Hakulia. Watu waliisifu subira yake. Mimi nilimwogopa.

Wifi aliitwa Mwanahawa, mtu wa Mbwajumali. Alikuwa bado kijana. Kabla ya msiba tukicheza naye mdako darini, na alikuwa akiniibia vijiwe. Sasa alikaa ndani kwa nguo nyeupe, bila wanja wala manukato, akingoja eda iishe arudi kwa mama yake.

Asubuhi moja nyigu akaanza kuleta udongo kwenye kidaka cha ukutani, juu ya kitanda chake. Mama alipokiona kiota alipanda kitandani akitazame kwa karibu.

"Ameniachia," alisema. "Shee ameniachia."

Wifi akainamisha kichwa. "Mama, mimi sina kitu. Mwezi wangu nimeuona."

"Hiyo ni damu ya huzuni, mwanangu. Wewe huijui."

Jirani yetu Bi Zena, mwenye ulimi mwepesi, naye akaja kutazama. "Huyu nyigu ni fundi kuliko yule aliyewajengea ukuta wa nyuma," akasema.

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpinga. Toka hapo wifi alipewa finyango kubwa la nyama na tui zito, akakatazwa kuinua hata mtungi. Mama alishona vikofia. Wifi alikula huku machozi yakimtoka, maana sheria aliijua kama tulivyoijua sote: mjane mwenye mimba eda yake haiishi mpaka ajifungue. Mama akishikilia neno lake, wifi hana siku ya kutoka.

Eda ilipotimia, mjomba wake alikuja kutoka Mbwajumali kumchukua. Mama akasimama nyuma ya mlango.

"Mtoto wa nyumba hii hatoki."

"Mtoto yupi, Bi?" mjomba akauliza.

Mama akamweleza habari ya nyigu. Mjomba hakucheka, kwao pia nyigu alisemwa hivyo hivyo. Alibaki ukumbini na viatu vyake mkononi.

Wifi akamvuta mama ndani, akaushika mkono wake, akauweka tumboni. "Shika mwenyewe, mama. Shika sana."

Mama alibonyeza hapa, akabonyeza pale, muda mrefu. Kisha akauondoa mkono.

"Mwanamke hatoki eda bila kuoshwa," akasema.

Alimwosha yeye mwenyewe, akampaka wanja, akamfukiza udi, akamkabidhi kwa mjomba wake. Alipokwisha kuwafungia mlango alirudi chumbani, akakaa kwenye kitanda kitupu, akamwita kaka kwa jina. Ndipo alipolia. Bi Zena alikuja mbio akidhani kuna mwingine aliyekufa.

Mwaka huu nimemzika binti yangu. Vijana wangu ni wema: baada ya matanga waliosha nyumba, wakapaka chokaa, wakapulizia dawa kila pembe. Wanasema wadudu huleta maradhi, na labda ni kweli. Enzi zetu msiba ulipoingia, palikuwa na kitu ukutani cha kuuliza. Siku hizi nakaa nikiutazama ukuta mweupe, na hakuna kinachotembea juu yake cha kunidanganya, hata kwa siku moja.