Maua ya Mfalme Yaliyotoka Majimbo

Nyanya yangu anaitwa Kajuju. Ukiuliza habari zake huku kwetu, chini ya Nkubu, utaambiwa jambo moja kabla ya jingine lolote: huyo mama alifika kwa mfalme. Maana yake alifika ikulu ya wafalme wa Buganda, kule Mengo, Kampala, pamoja na bustani yake. Sisi Wameru tuna wazee wa Njuri Ncheke, mfalme hatujawahi kuwa naye, kwa hivyo mtu aliyeona mfalme anakokaa ni mtu wa kuitwa mbele.

Na Nyanya aliitwa. Mahari ikizungumzwa, yeye aliketi upande wa wasemaji. Msichana akileta chai amesimama wima, Nyanya alimwambia, "Kule kwa mfalme wasichana hupiga magoti," na msichana alipiga magoti hata kama hakutaka. Mimi nimepiga hayo magoti mara nyingi kuliko wote.

Langoni petu kuna kichaka cha maua. Yanafunguka yakiwa zambarau, kesho yake yanapauka, siku ya tatu ni meupe kabisa, kwa hivyo kichaka kimoja kina rangi tatu wakati mmoja. Watu wanayaita maua ya mfalme. Nyanya alirudi na tawi lake ndani ya kiondo mwaka wa 1998, na tangu hapo kila boma la jirani limekuja kuomba mche.

Mwaka jana nilijua kwamba si kweli. Na nilichofanya baada ya kujua bado kinanichoma uso, ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme yangu. Mama yangu anafunga miraa mjini Maua, mimi nimelelewa na Nyanya. Shule niliacha darasa la sita, lakini sikuiacha siku moja. Kwa wiki tatu nilivaa yunifomu asubuhi, nikabeba begi, nikaenda kukaa mtoni nyuma ya kiwanda cha kahawa mpaka saa ya watoto kurudi. Nyanya alipojua hakunichapa. Alingoja kikundi cha wamama wa kanisa kije nyumbani, akanisimamisha katikati ya sebule, akaniambia niseme kwa mdomo wangu, "Nilidanganya." Nikasema. Mama mmoja akasema sijasikika. Nikarudia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sasa nina kumi na sita, na bado najua ni kitambaa gani kilikuwa kwenye kiti gani.

Mwaka jana Kagure, rafiki ya Nyanya tangu wakiwa wasichana, aliugua miguu, nikatumwa Embu kukaa naye. Anaishi mtaa wa Majimbo. Siku ya kwanza tu nilikuta yale maua yamejaa kwenye ua wake.

"Shosho, maua ya mfalme yalifikaje huku?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mfalme gani? Hayo bwanangu alinunua kwa wauza miche, hapo karibu na stendi." Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. "Ee. Kumbe bado anasema hivyo."

Akaniambia yote. Mwaka ule chama cha kahawa kilikuwa kinapeleka wamama Uganda kuona wenzao wanavyolima, na siku moja ya kutembelea ikulu. Kutoka upande wetu alichaguliwa Nyanya peke yake. Wengine walikuwa wa Embu, hawakumjua. Walikutana Embu mjini, karatasi za kusafiria zikaitwa moja moja, na yake haikuwepo. Kiongozi akamwambia arudi nyumbani, safari nyingine haitakosekana.

Angerudije? Asubuhi hiyohiyo kanisa lilikuwa limemsindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo. Mchungaji alikuwa ameshika kichwa chake akamwombea. Wamama walikuwa wamejaza kiondo chake nduma, ndizi na kahawa waliyoikaanga wenyewe, za kupelekea watu wa mfalme. Mtu hasindikizwi hivyo asubuhi akarudi jioni na kiondo kikiwa bado kimejaa.

Akakaa kwa Kagure siku tisa. Nduma za mfalme walizila wao wawili. Katikati ya hizo siku alienda sokoni, kwa mama mmoja Mganda aliyekuwa akiuza vitenge, akaketi naye siku mbili akimuuliza habari za ikulu mpaka yule mama akadhani anataka kuolewa huko. Na kwa vile kwetu kiondo kikienda kimejaa hakirudi kitupu, siku ya kuondoka alikata tawi kwenye ua.

"Usimwambie umejua," Kagure akasema. "Mzigo ambao mtu amebeba miaka yote hiyo, hatuliwi na mtu mwingine. Anautua mwenyewe."

Nikasema sawa. Lakini niliporudi nyumbani nilianza kumsikiliza Nyanya kwa sikio lingine. Alikuwa akisimulia kwamba mbele ya ikulu kuna barabara iliyonyooka, na katikati yake kuna mzunguko, na watu wote wanauzunguka ila mfalme, yeye peke yake hufunguliwa lango akapita katikati. Nikasema moyoni, huu sasa ndio uongo wenyewe. Nikatafuta kwa simu. Ni kweli. Nilikasirika, wala sijui kwa nini.

Mwaka huu kikundi kikaamua kwenda. Wamama kumi na wanne, mwezi wa nane, siku nne, ikulu na bustani siku ya pili. Mkutano wa kupanga ulifanyika kwetu, kwa sababu ungefanyika wapi kwingine? Mwenyekiti ni Gladwell, mama wa sauti kubwa, mwenye duka la mbolea.

"Sketi ndefu, nyote," alisema. "Sitaki mtu arudishwe langoni kwa ajili ya miguu."

"Yangu hakuna mtu atataka kuiona," Mama Gitobu akasema.

"Hata mfalme ana macho, Mama Gitobu. Sasa, zawadi. Mimi nimefikiria hivi. Kajuju alipewa mche kule. Sisi tutabeba mche kutoka kwa huo wake, tuirudishie ile bustani mtoto wake. Na Kajuju ndiye atasimama aongee."

Walipiga makofi. Nilimwangalia Nyanya. Alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha kiti, anakunjua, anakunja.

"Labda siku hizi hawapokei miche," alisema.

"Watapokea. Wewe si wanakujua?"

Kisha Gladwell akatoa fomu. Mwalimu Ndambiri, mstaafu aliyekuwa anatupangia safari, alitaka kila mtu ajaziwe yake. "Mukiri, njoo hapa. Wewe una mwandiko. Na usituogope, hatuumi."

Nikaketi mezani. Jina, nambari ya kitambulisho, mtu wa kupigiwa simu, ugonjwa, umewahi kufika Uganda na ni mwaka gani. Walikuja mmoja mmoja.

"Ugonjwa?" nikamuuliza Mama Gitobu.

"Andika magoti."

"Magoti si ugonjwa," Gladwell akasema.

"Basi njoo uyabebe wewe."

Wote walijibu hapana kwenye Uganda. Nyanya akaja wa mwisho. Tukafika kwenye ule mstari, na mimi nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine. Sikuwa na haja ya kuuliza.

"Na huyu msichana naye," Mama Gitobu akasema kutoka kwenye kiti. "Andika ndiyo, tisini na nane."

Nyanya hakusema ndiyo. Alisema, "Andika."

Chini ya fomu kulikuwa na maneno kwamba anayetoa habari za uongo atachukuliwa hatua. Nikaona akilini askari wa mpakani amefungua kitabu kikubwa cha 1998, anashuka na kidole, jina la Nyanya halipo, wenzake wanaangalia. Nikaandika HAPANA.

Lakini nikisema ni woga ulioandika, nitakuwa nadanganya tena. Kulikuwa na mahali ndani yangu palipongoja tangu siku ile niliposimamishwa katikati ya sebule hiyohiyo.

Nilidhani fomu zitaingia kwenye bahasha ziende. Gladwell hapeleki kitu bila kukisoma, na hasomi kimyakimya. Alisoma zote. Akafika.

"Kajuju. Kitambulisho sawa. Ugonjwa, presha. Amewahi kufika Uganda..." Akasimama hapo. Akanyoosha mkono na kalamu. "Mukiri, umekosea hapa. Rekebisha."

Kalamu niliishika. Hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu, kwamba niliwekewa kalamu mkononi na nikapewa nafasi mbele ya kila mtu, kazi ilikuwa kupiga mstari mmoja na kuandika neno fupi. Nikaangalia sakafu. Kuku aliingia mlangoni, na hakuna aliyemfukuza.

"Hajakosea," Nyanya akasema.

Hakuna aliyemuuliza. Akaendelea mwenyewe, sauti ya kawaida, kama mtu anayesema bei ya maharagwe. "Nilifika Embu. Karatasi yangu haikutoka. Nilikaa Majimbo kwa Kagure. Nduma zenu tulizila sisi. Zilikuwa tamu." Kisha akasimama akaenda jikoni kuleta chai, na akarudi nayo, na akawamiminia wote mmoja mmoja. Vikombe vingi vilibaki vimejaa walipoondoka.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa Mama Gitobu nikikwenda kuteka maji. Kichaka chake cha maua ya mfalme kilikuwa kimeng'olewa, kimetupwa njiani, mizizi juu. Dukani vijana walikuwa wameshapata jina, Malkia wa Majimbo. Jumapili mbili Nyanya hakwenda kanisani, yeye ambaye huenda hata na homa.

Na mimi nilisifiwa. Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko hicho. Mama mmoja alinishika bega nje ya kanisa akasema, "Wewe ni mtoto mkweli, Mungu akuweke hivyo." Ni yuleyule aliyesema sijasikika. Nikamwambia asante.

Nyumbani Nyanya hakunigombeza. Tulipika, tukala, tukafungia mbuzi. Juma la pili tulikuwa uani tunachambua kahawa, tukitoa zile mbovu, na akasema bila kuinua macho:

"Ungeacha wazi."

"Nini?"

"Ule mstari. Ungeacha wazi tu."

Sikujua mstari unaweza kuachwa wazi. Kule shuleni nilikokaa kidogo, ukiacha wazi unahesabiwa umekosa. Nikataka kumwambia hivyo, lakini ingekuwa ni kujitetea. Kisha akasema, "Kagure alikuambia lini?"

"Mwaka jana."

Akatupa punje moja mbovu. "Mwaka mzima," alisema. Ikawa ni hayo.

Gladwell alikuja Alhamisi iliyofuata, peke yake, na fomu mpya ndani ya mkoba. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Kiti chako kwenye gari kipo," alisema. "Sijampa mtu. Lakini hutaongoza, Kajuju, na hutasimama kuongea. Utakaa nyuma na sisi washamba ambao hatujawahi kufika."

"Nyuma kuna hewa," Nyanya akasema.

"Mama Gitobu hataketi karibu na wewe."

"Basi nitapata nafasi ya miguu."

Gladwell akakaza mdomo asicheke. "Na mche hatubebi. Mwalimu Ndambiri anasema mche hauvuki mpaka bila karatasi."

"Tumekuwa wawili, basi."

Hapo Gladwell alicheka, kwa kelele, akipiga paja, na Nyanya akacheka kidogo pia, ingawa alijifuta macho kwa upande wa leso kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Gladwell alipotulia akasema siku hizi kitambulisho kinatosha, hakuna karatasi ya kungoja. Akasukuma fomu mbele yangu.

"Mimi nisiandike," nikasema.

"Andika," Nyanya akasema.

Nikaandika jina, nambari, simu, presha. Kwenye ule mstari nilisimama na kalamu.

"Uliza," akasema. "Uliza kama ulivyowauliza wengine."

"Umewahi kufika Uganda?"

"Hapana."

Niliandika neno lilelile, kwa mwandiko uleule. Kisha Nyanya akamwambia Gladwell kwamba kwa upande wake kuna jambo moja tu. Mtu yeyote asije kumwimbia wala kumsindikiza. Akirudi, kama watataka, ndipo waimbe.

Wanaondoka Jumatatu. Kile kichaka cha Mama Gitobu nilikiokota, nimekipanda kwenye debe nyuma ya choo, na kimetoa majani mawili. Sijamwambia mtu, na Nyanya hajaniuliza maji ya jikoni yanaishia wapi. Msamaha sijamwomba. Kila nikikaribia, naona atalazimika kuniambia si kitu, na ni kitu.

Leo ametoa kiondo cha zamani, akakiosha, akakianika kwenye ua. Amepanga nduma na kahawa mezani. Nikamsaidia kuifunga kahawa, na akaniuliza kama nitaamka mapema Jumatatu.

"Si umesema hutaki mtu akusindikize?"

"Nimesema wale," alisema. "Wewe utabeba kiondo. Kitakuwa kizito."