Mistari Yangu Minne Isiyolimwa

Ilianza Jumatano, saa tisa ya mchana, mama aliposimama kwenye shamba letu juu ya kijiji cha Swima, jembe begani. Mvua ilikuwa imekatika wiki mbili. Nilijua amekuja kulima mistari yangu minne.

Hiyo mistari aliniachia nijaribu. Msimu uliopita shamba lote lilikuwa maharage, msimu huu mahindi. Kwetu, ukishavuna unarundika majani, unayachoma, halafu unageuza udongo mpaka ubaki safi kama uwanja wa kanisa. Upande wake mama alifanya hivyo. Mimi nilisikia darasani kwamba udongo usiogeuzwa unatunza maji, basi nikaacha majani ya maharage chini, nikatoboa vishimo kwa fimbo tu, nikapanda.

Mama mukubwa, dada ya mama, alinicheka kila akipita. "We mutoto, hii ni shamba ao kitanda ya mbuzi? Jembe yako ilikufa?" Sikumjibu hata mara moja. Watu wakiniangalia, maneno yote yananikimbia. Aliyeona aibu ni mama, maana walisema amezaa muvivu.

Jumatano hiyo walikuja pamoja. "Piga! Tumalize hii aibu," mama mukubwa alimhimiza.

Mama akanyanyua jembe. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Mama, ngoja! Shika udongo kwanza!"

Akainama. Upande wake mahindi yalikuwa yamejikunja, na udongo ulimwagika vidoleni kama unga. Upande wangu akasogeza majani makavu, akachomeka kidole. Kikatoka na udongo ulioshikamana, na nyungunyungu mzima akijinyonganyonga! Mahindi yangu yalikuwa yamefungua majani, kijani kabisa.

"Eh! Iko na maji," mama alimwambia dada yake. "Yaya, kuja uguse."

Mama mukubwa akagusa, akakung'uta vidole. Kisha: "Basi hiyo mbuzi iko na akili." Tukacheka wote watatu.

Sidanganyi: magugu yangu yalizidi ya mama, nayang'oa kwa mkono, na mavuno bado. Lakini jembe lilirudi begani.

Asubuhi yake, kabla ya masomo, nilienda kwa mama mukubwa. Nyuma ya nyumba alikuwa na rundo la majani ya maharage ya shamba lake, aliyotoka kupura, tayari kwa moto. Nikamwomba anipe, namwangalia usoni, akakubali. Nikayabeba kichwani mara tatu, nikayatandaza katikati ya mahindi ya mama.