Ukuta wa Rabi Avigdor

Watu wa Krasnevitz walisema rabi wao ni mtu mwema, ila hana maneno. Na kweli hakuwa nayo. Alihubiri mara mbili tu kwa mwaka, kwa sababu desturi ilimlazimisha, na mara zote mbili alitoka pale jasho likimchuruzika. Lakini jamani, kazi ya rabi wa mji mdogo si mahubiri! Ni mama kuingia mbio jikoni kwako na kuku wa Sabato mkononi, kaona doa kwenye ini, anataka kujua kama ni halali, wanawe wale, au watashinda njaa. Ni ndugu wawili wanaotoana macho kwa ajili ya kiti cha marehemu baba yao sinagogi. Na kila Ijumaa, mvua au theluji, ni kuuzunguka mji shingo juu, ukikagua kamba.

Kamba hiyo ilipita juu ya nguzo, ikauzunguka mji wote. Siku ya Sabato mtu wetu habebi kitu barabarani, hata leso. Lakini ndani ya kamba mji mzima huhesabiwa kuwa ua wa nyumba moja, na kila mtu hubeba kitabu chake na mtoto wake roho kwatu. Ikikatika mahali pamoja, imekatika yote.

Sasa, Sabato hii ninayoisema, Zelig mshonaji alikuwa abebwe kwa kiti mpaka sinagogi. Nusu ya mwili wake ilikuwa imelala tangu vuli, na daktari alishamwambia mkewe ajiandae. Zelig aliomba jambo moja: aitwe mbele ya Torati mara ya mwisho, asome mwenyewe, na rafiki yake Avigdor awepo amsikie. Hao wawili walikua pamoja. Kipindi chote cha baridi rabi alikuwa akienda kuketi kando ya kitanda na kumrudisha Zelig kwenye neno lilelile, tena na tena, mpaka ulimi mzito ukakubali.

Usiku wa Ijumaa upepo ukavuma. Asubuhi rabi akapita kichochoro cha nyumba ya kuogea, akainua shingo kwa mazoea tu, akaona kamba inaning'inia. Imekatika!

Maskini rabi. Kuifunga siku ya Sabato hakuruhusiwi. Akitangaza, Zelig atabaki kitandani, na Sabato nyingine huenda asiione. Akinyamaza, basi yeye ni rabi wa nini? "Kusema marufuku ni rahisi," alizoea kumwambia mkewe, "mpumbavu yeyote anaweza." Akasimama pale kwenye manyunyu anatafuna ndevu.

Ndipo akakumbuka. Sheria inakubali watu waliosimama bega kwa bega wahesabiwe kuwa ukuta, ila kwa sharti moja la ajabu: wasijue kwamba wao ni ukuta. Na pale mlangoni pa nyumba ya kuogea walikuwepo wenye magari ya farasi, waliokwisha kusali alfajiri kama kawaida yao, wanapiga soga.

"Sabato njema, Getzel," rabi akamwambia yule mwenye mdomo kuliko wote.

"Sabato njema, Rebe! Umepotea? Sinagogi ile pale!"

"Nina swali."

Wakatazamana. Rabi ana swali kwao?

"Farasi," rabi akasema, masikio yamemwiva. "Mweupe na mwekundu, yupi... yupi anavuta vizuri kwenye tope?"

Lo! Hapo ndipo alipowasha moto.

"Mwekundu!"

"Mwekundu yupi, Shmerl? Hiyo mifupa yako?"

"Mifupa ni babu yako!"

"Chunga mdomo, rabi yupo!"

"Si yeye kauliza?"

"Siwasikii vizuri," rabi akasema. "Simameni mstari mmoja hapa, niwaone wote. Karibianeni. Getzel, msogelee Shmerl."

"Nimsogelee huyu? Ananuka vitunguu!"

"Nakuomba."

Wakajipanga bega kwa bega, toka ukuta huu mpaka ule, kamba iliyokatika ikiwa juu yao. Muda si muda Zelig akapita mwisho wa kichochoro, ndani ya koti lake jema, mabegani mwa wakwe zake.

"Avigdor! Twende!"

"Tangulia," rabi akajibu. Hakuongeza neno, maana uongo hakuuzoea.

Hakuweza kuondoka. Zelig hakuwa na nguvu za kukaa mpaka mwisho wa ibada. Akishasoma tu angerudishwa nyumbani, na ukuta ukishatawanyika nani angeukusanya tena? Kwa hiyo rabi akauliza juu ya hatamu, akauliza juu ya shayiri. Ghafla, kutoka dirisha la sinagogi, watu wakaitikia kwa sauti kubwa. Rabi akafumba macho.

"Amina," akasema.

"Amina ya nini, Rebe? Nimesema farasi wangu ana kwato mbovu."

"Basi apone, Getzel. Apone."

Kiti kilipokuwa kinarudi, Zelig alikuwa amenuna. "Nimesoma bila kukosea hata herufi, na wewe uko hapa unapiga porojo za farasi!" Akageuza uso. Rabi akanyamaza, ingawa maneno hayo yalimchoma. Neno moja tu, na ukuta ungeanguka.

Mlango wa Zelig ulipofungwa, rabi aliwashukuru wale mabwana, akawatuma sinagogi wakaseme kamba imekatika, mtu asibebe kitu, kisha akakimbia, rabi mzima, koti kalishika juu. Zelig kalala kaelekea ukutani.

"Nenda kwa farasi wako."

Rabi akamweleza yote. Kisha bega zima la Zelig likaanza kutikisika, na mkewe akapiga ukelele akidhani ndio mwisho. Kumbe anacheka!

"Yaani Getzel ndiye kanipeleka mbele ya Torati?"

"Na Shmerl."

"Yule mwizi wa shayiri!" Akacheka mpaka machozi, halafu akaacha. "Kwa hiyo hukunisikia."

"Nilisikia watu wakiitikia."

"Hao ni watu. Mimi hukunisikia."

"Sikukusikia, ndugu yangu," rabi akasema, na kilio kikampata.

"Vua hilo koti lililolowa, ukae," Zelig akasema. Akaanza kusoma kwa moyo, polepole. Alikuwa amechoka sana sasa, ulimi ukamkwama, akakosea mara tatu mahali ambapo hajawahi kukosea. Rabi Avigdor, aliyewasahihisha watu maisha yake yote, hakumsahihisha.