Mama Rehema na Siafu wa Mzinga Wangu

Nyuki wangu wote wamekufa leo, na aliyewaua nimemshukuru.

Nimerudi saa nane mchana kutoka Mwenge. Naingia uani, kimya. Nyie mliowahi kufika kwangu mnajua pale mzingani hapanaga kimya.

Chini, nyuki wametapakaa kama pumba zilizomwagika. Siafu nao wamekufa, mstari mzima, kuanzia ukutani hadi kwenye miguu ya meza ya mzinga.

Hapo nikajua kosa langu. Kila Jumamosi napakaga oili chafu kwenye ile miguu ili siafu wasipande. Jumamosi hii nilikuwa harusini, sikupaka.

Akatokea jirani yangu Mama Rehema, mtu mzima wa miaka sabini hivi, kopo la dawa ya mende mkononi.

"Mwanangu, siafu walishaingia kwenye mzinga! Nimewapulizia wote, mpaka mle ndani. Ningewaachaje wakumalizie nyuki?"

Anahema. Mikono imevimba, nyuki wamemuuma kweli kweli. Jamani, bi mkubwa kanipigania.

Na mie mwenyewe ndiye niliyemwambia mwezi uliopita, "Mama, ukiona mdudu anapanda pale, nisaidie."

Nikasema, "Shikamoo mama. Asante sana."

Nyie mngesema nini?

Nimewafukia nyuki nyuma ya choo. Kurudi ndani, nikakuta kaniwekea chupa tupu dirishani, kaiosha vizuri. Anasubiri asali ya mjukuu wake anayekohoa.